Alitaka kilele, akazikwa njiani

Siku ukishika matatu pale Thika, upande wa barabara ya Garissa, ukapita Makongeni, ukapita mtaa unaoitwa Landless (naam, kuna mtaa Thika unaoitwa Wasio na Ardhi, na ploti humo zinauzwa kama kawaida), kisha ukashukia Gatuanyaga, utaona kitu cha kwanza kukusalimu si mtu. Ni mlima. Umekaa peke yake ng'ambo ya mto Athi, kama mzee aliyekataa kuketi na wenzake. Wengi wetu tunauita Kilimambogo kwa sababu ya nyati. Wakamba wanauita Kyanzavi. Jina la kwenye ramani, Ol Donyo Sabuk, ni la Wamaasai, na maana yake ni mlima mkubwa tu, bila mbwembwe.

Sasa, katika ule mlima, ukipanda kama kilomita 7 kutoka lango la mbuga, kabla hujafika kileleni, kuna makaburi. Mmoja wa waliolala hapo ni Mmarekani, mmoja wa matajiri wakubwa wa Kenya ya wakati wake. Jina lake unalijua hata kama hujui kwamba unalijua. Ukiwa Nairobi, Banda Street, jirani na Msikiti wa Jamia, kuna jengo lenye nguzo kubwa na simba wawili wa mawe mbele yake. Hiyo ni Maktaba ya McMillan. Huyo ndiye.

Nimekaa na hadithi ya huyu mtu karibu mwaka mzima. Kwa nini, nitakuambia mwishoni, maana sababu yenyewe hainipambi. Kwa sasa jua tu kwamba mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikaingia biashara ya kutafutia watu ploti, na ofisi yangu ilikuwa simu na viatu vilivyojaa vumbi la Gatuanyaga.

William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Missouri, mnamo Oktoba 1872. Babake alikuwa mtu wa viwanda, akitengeneza mabehewa ya treni wakati ambapo Marekani ilikuwa inajaza reli kila mahali. Fikiria wewe una kiwanda cha bodi za matatu mwaka ambao kila Mkenya ameamua kununua matatu. Ndiyo hali ilikuwa hiyo. Kwa hivyo kijana hakukua akitafuta, alikua akiwa ameshapata. Mwaka 1894 akamwoa Lucie Webber, Mmarekani mwenzake. Babake alipofariki, utajiri ukamwangukia yeye akiwa bado hajatimiza miaka 30.

Alifanya nini na hizo doo? Alizunguka dunia. Alipenda kuwinda na alipenda mahali ambapo hajafika mtu wa aina yake. Mwaka 1903 aligharamia safari ya kuteremka mto Nili ya Buluu kwa boti kutoka Ethiopia, mahali penye maporomoko na magenge ambayo wenyeji walikuwa wanayaheshimu kwa kukaa mbali. Boti zilivunjwavunjwa na maji. Mtu mwingine angechukua hiyo kama jibu. Yeye alirudi kupanga safari nyingine. Si dhambi kupenda safari, usinielewe vibaya. Nakuonyesha tu mtu ambaye neno basi halikuwa katika msamiati wake, na alikuwa na pesa za kutosha kutolijifunza.

Ndipo akafika huku kwetu, miaka ile ya mwanzo ya karne iliyopita. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na serikali ya Uingereza ilikuwa inatafuta Wazungu wa kuja kukaa kando yake ili reli ilipe. Mwaka 1902 ikatunga sheria ya ardhi ya Taji. Kwa lugha ya steji: ardhi ambayo afisa akiitazama anaona hakuna mtu juu yake siku hiyo, basi ni ya Mfalme, na Mfalme anaweza kumpa amtakaye. Kama familia imepumzisha shamba, hakuna mtu. Kama ng'ombe wamehamishiwa malisho mengine mpaka mvua irudi, hakuna mtu. Wakikuyu, Wakamba na Wamaasai wote walikuwa na shughuli zao katika zile nyanda kati ya Thika na Athi, lakini kwenye karatasi palikuwa patupu.

McMillan akapata pale Juja shamba la karibu ekari 20,000. Ngoja nikupigie hesabu ya broka. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama sehemu moja ya nane ya ekari. Kwa hivyo ekari 20,000 ni ploti 160,000. Leo watu wanavunjiana undugu kwa ajili ya moja. Na hakutosheka hapo, maana baadaye alikuwa na ardhi pia huko Kilimambogo, ambako wenyeji hadi leo wanakuonyesha jumba lake la mawe na kukusimulia mambo ya vyumba vya chini vilivyofungiwa wafanyakazi. Hizo za vyumba nakupa kama nilivyozipata, ni masimulizi. Jumba lenyewe lipo.

Kuna jambo la jina Juja ambalo lilinikaa kichwani. Masimulizi yanayorudiwa sana ni kwamba McMillan alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja, na shamba likachukua jina kutoka kwazo. Wanafunzi wa JKUAT wanaoishi hapo labda hawajawahi kuambiwa hivyo. Mimi nilipoisikia nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Mtume Paulo akiwaandikia Wakolosai anaorodhesha dhambi za mwili mojamoja, akifika kwenye tamaa ya mali anaipa jina la ibada ya sanamu. Haiti kosa dogo la wafanyabiashara. Anaiweka kwenye kundi moja na kusujudia kinyago. Mimi nilikuwa nafikiri ibada ya sanamu ni mambo ya mizimu na hirizi, kumbe mtu anaweza kuvaa suti, akapiga magoti kila Jumapili, na sanamu yake ikawa imezungushiwa seng'enge.

Turudi kwa jamaa. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mkubwa kweli, na nyumba yake ilikuwa na mlango wazi. Mwaka 1909 alimpokea Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye kiti cha urais wa Marekani. Roosevelt na mwanawe walikuwa katika ile safari yao ndefu ya uwindaji, ambayo kati yao wawili ilimalizika na wanyama 512. Walikaa Juja, wakala, wakawinda, na wakiwa Nairobi McMillan akawapa nyumba yake pia. Baadaye nyumba yake ya mjini ilikuwa Chiromo, pale ambapo leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanasomea sayansi. Ukiangalia picha za wakati ule unaona veranda pana, bunduki, ngozi za simba, na nyuma, pembeni kidogo, watumishi Waafrika ambao majina yao hakuna aliyejisumbua kuyaandika.

Sasa hapa nataka twende polepole, kwa sababu hapa ndipo mimi nilikuwa nimekosea. Nilipoanza kusoma habari zake nilikuwa natafuta mwizi. Nilitaka kupata siku ambayo McMillan alighushi hati au alihonga karani. Sijaipata, na naona haikuhitajika. Sheria ilikuwa upande wake. Karatasi zilikuwa safi. Mwaka 1915 sheria ile ikaboreshwa zaidi kwa ajili ya walowezi: waliweza sasa kupewa ardhi kwa mkataba wa miaka 999. Hujasoma vibaya. Mkataba uliotiwa saini 1915 ungeisha 2914. Na Mwafrika je? Mwaka 1921 mahakama kuu ya koloni ilisema kwamba Waafrika kwenye ardhi hiyo ya Taji ni wapangaji tu, wanaoweza kuambiwa waondoke wakati wowote Taji likipenda. Mmoja ana karne kumi kasoro mwaka mmoja, mwingine hana uhakika wa kuvuna alichopanda, na yote yamegongwa mhuri.

Kwenye Injili ya Luka, sura ya 12, kuna mtu anamwendea Yesu katikati ya umati na kumwomba amlazimishe nduguye agawe urithi. Kesi ya ardhi ya familia, kabisa kabisa, kama zile zinazojaza korti ya Thika. Yesu anakataa kuwa hakimu wao. Badala yake anawaonya juu ya tamaa na kuwapa hadithi ya tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana hadi akakosa pa kuweka mavuno. Tajiri anaamua kubomoa maghala na kujenga makubwa zaidi, halafu anaiahidi nafsi yake miaka mingi ya kula na kupumzika. Usiku huohuo Mungu anamdai ile nafsi.

Isome tena ukipata nafasi, ukimtafutia huyo tajiri kosa la polisi. Hutapata. Hakuiba mahindi ya mtu. Hakuna mahali panaposema alipunja vibarua. Kitu pekee unachoona ni kwamba katika hadithi nzima hakuna mtu mwingine. Hana mke, hana jirani, hana mfanyakazi wala maskini mlangoni. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Nafikiri hapo ndipo hatari yenyewe ilipo, na ndiyo maana walimu wa dini tangu zamani waliiogopa tamaa kuliko tunavyoiogopa sisi. Wizi una ushahidi, kesi na siku ya kutoka jela. Tamaa inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye hajavunja sheria hata moja, ikamaliza watu wote waliomzunguka mpaka akabaki anaongea na nafsi yake, na yeye akidhani hicho ndicho kimya cha mafanikio.

Na ikishamaliza watu, uongo unakuja wenyewe. Unamkumbuka Nabothi? Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alikuwa na ikulu na ardhi ya kutosha, lakini akaona shamba la mizabibu la jirani, akalitaka la kulimia mboga. Mboga! Akatoa bei, na bei ilikuwa nzuri, maana alikuwa tayari hata kumpa shamba bora kuliko hilo. Nabothi akakataa kwa sababu ni urithi wa wazee wake. Mfalme akalala kitandani amegeukia ukuta, hataki kula, kama mtoto aliyenyimwa simu. Mkewe Yezebeli ndiye aliyemaliza kazi: akaandika barua kwa jina la mfalme, akazipiga mhuri wa mfalme, akatafutwa mashahidi wawili wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, shamba likahamia kwa Ahabu. Angalia mpangilio huo wote, barua, mhuri, mashahidi. Mkenya yeyote aliyewahi kununua ploti anaitambua hiyo faili. Yezebeli hakuruka ua usiku. Alipitia ofisini.

Sisemi McMillan alimuua mtu. Lazima tumtendee haki, hata marehemu ana haki yake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja alikuwa mtu wa zaidi ya miaka 40, mzito, tajiri, angeweza kukaa nyumbani. Alijiunga na jeshi akatumika Afrika Mashariki kama kapteni, na nyumba ya Chiromo ikapokea maafisa waliokuwa wakiuguza majeraha. Serikali ya Uingereza ikampa cheo cha Sir. Waliomjua walimsifu kwa ukarimu, na mimi naamini. Kwa watu wa meza yake alikuwa mkarimu. Mwaka 1920 Wazungu wa Ukambani walimchagua kuwakilisha eneo hilo katika Baraza la Kutunga Sheria. Kumbuka, eneo limejaa Wakamba, anayechaguliwa ni yeye, na hakuna Mkamba aliyepiga kura.

Akiwa barazani ndiyo miaka ambayo kipande kilikuwa kinaning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika, ili ikijulikana umetoroka shamba la bwana urudishwe. Kodi ya nyumba ililazimisha watu kwenda kuchuma kahawa na kukata mkonge. Vijana wa Nairobi chini ya Harry Thuku wakaanza kusema hapana. Machi 1922 Thuku akakamatwa, watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na risasi zikapigwa. Waliokufa pale hawana maktaba kwa jina lao. Sijui bwana wa Juja alilala vipi usiku huo na sitajifanya najua. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mfumo uliowapiga risasi ndio uliompa ekari, na aliketi katika baraza lake.

Machi 1925, miaka mitatu tu baadaye, akafariki akiwa safarini mbali na Kenya. Alikuwa na miaka 52. Kama mkataba wa 1915 ulimhesabia miaka 999, alitumia 10.

Mazishi yake ndiyo sehemu ambayo kila mtu wa huku anaisimulia. Alikuwa ametaka kuzikwa Kilimambogo, juu kabisa, mita 2,145 juu ya usawa wa bahari, ambapo ukisimama unaona ardhi pande zote mpaka macho yachoke. Siku ikiwa haina ukungu unaona Mlima Kenya upande mmoja na wakati mwingine Kilimanjaro upande wa pili. Mwili ukaletwa kutoka ng'ambo. Safari ya kupanda ikaanza. Mlima una mwinuko, msitu ni mzito, nyati wapo, na gari lililobeba jeneza likazidiwa nguvu. Likashindwa kufika. Waombolezaji wakiwa pale mteremkoni ikaamuliwa azikwe palepale lilipokwamia.

Nimesimama pale. Ni mahali pazuri, usidanganyike, upepo ni mtamu. Lakini kilele hukioni vizuri, miti imekiziba.

Lucie aliishi miaka mingi baada yake. Yeye ndiye aliyehangaikia maktaba ya kumkumbuka mumewe, ikafunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee. Ni mpaka karibu na uhuru ndipo Mwafrika aliweza kuingia kusoma kitabu. Lucie alifariki 1957, naye akazikwa pale mlimani kando ya mumewe, karibu na Louise Decker, mwanamke Mwafrika-Mmarekani aliyewatumikia. Mlima wenyewe ukawa mbuga ya taifa mwaka 1967. Ile miaka 999 nayo ikakatwa: Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi hapa zaidi ya mkataba wa miaka 99. Ekari za Juja unajua mwenyewe zimekuwa nini, hosteli, magorofa, stesheni za mafuta, na vibao vya ploti.

Na sisi tulipoipata hiyo ardhi mkononi tukafanya nini? Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilijaza vitabu kwa kuorodhesha tu ardhi ya umma iliyogawanywa kinyume cha sheria baada ya uhuru. Hao hawakuwa akina McMillan, ni majina kama yangu na yako. Wengi wao, nina hakika, walikuwa na viti vyao mbele kanisani.

Sawa. Nilikuahidi sababu.

Mwaka juzi nilikuwa natafutia mtu mmoja wateja wa ploti upande huu wa Gatuanyaga. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kuweka mtandaoni, kuleta watu. Picha moja ilikuwa na nguzo ya stima na barabara ya murram iliyosawazishwa vizuri. Haikuwa ya ploti ile. Niliipiga sehemu nyingine kabisa, nikaiweka kwa sababu ploti yenyewe ilikuwa vichaka na mawe. Hilo nilijiambia ni biashara tu, kila mtu anafanya. La pili lilikuwa zito zaidi: nilijua kuna mtu mwingine alikuwa ameshatoa pesa kwa ploti ileile. Hakuna aliyeniambia waziwazi. Niliona tu bikoni zimepakwa rangi mpya na namba ya mwingine, nikaelewa, nikanyamaza.

Mteja niliyemleta ni mama wa kanisani kwetu, muuza mboga. Pesa alizitoa kwenye chama, miaka sita ya kuweka. Alitoa shilingi 100,000 za kwanza. Mimi nikapata 15,000 zangu, zikaingia M-Pesa saa kumi jioni, na kufikia saa nne usiku nilikuwa nimeshanunua viatu. Kama unamjua Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, aliyemkimbilia Naamani njiani na hadithi ya uongo ili apate fedha na nguo, basi unanijua. Yule ndiye broka wa kwanza ninayemfahamu katika Biblia, na hata yeye alikimbilia nguo. Alirudi akaulizwa ametoka wapi, akasema hakwenda popote, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Mimi sikuota madoa. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Baada ya miezi michache yule mwenye kuuza akaacha kushika simu. Mama akawa ananipigia mimi. Nami nikawa namwambia ngoja wiki ijayo, sorveya anakuja wiki ijayo.

Halafu vijana wa kanisa tukapangiwa safari: Fourteen Falls asubuhi, Kilimambogo mchana. Wazazi wachache walikuja kutusindikiza, na yule mama alikuwa mmoja wao, amebeba chapati na ndengu za basi zima. Tulipofika kwenye kaburi la McMillan katekista wetu akatukalisha kwenye nyasi, akamwomba kijana mmoja asome Luka 12. Mimi nilikuwa nimeshika sahani. Mama alipita akaniongeza chapati ya pili bila kuniuliza, akasema niko mwembamba. Kijana akawa anasoma sehemu ya tajiri anavyoongea na nafsi yake. Chapati haikushuka.

Sikukiri siku hiyo. Ningependa kukuambia nilisimama pale mlimani nikalia, lakini nilirudi nyuma ya basi nikaweka earphone. Ilinichukua wiki mbili zaidi. Nilimpata sokoni akifunga mafungu ya sukumawiki, nikamwambia yote, picha, bikoni, pesa zangu. Hakupiga kelele. Aliendelea kufunga yale mafungu mpaka akamaliza, kisha akaniuliza ploti yenyewe iko wapi hasa, kwa sababu katika haya yote hajawahi kuonyeshwa kwa miguu.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mara nne ya 15,000 ni 60,000. Sina kazi ya maana, kwa hivyo natuma kidogo kidogo nikipata, na mpaka leo nimefikisha 18,500. Viatu niliviuza 2,000, hizo zimo ndani. Yeye hunijibu kwa neno moja tu la kupokea. Zile 100,000 ni kesi nyingine, na tumeshapiga ripoti kwa polisi.

Jumamosi hii tunaenda Gatuanyaga. Nilitafuta namba ya yule mnunuzi wa kwanza, nikampigia, akanitusi dakika nzima, kisha akauliza saa ngapi. Tutakutana wote watatu stejini saa mbili asubuhi. Mama amesema atakuja na jembe.